Mahali Kreni Inaposimama: Utangulizi wa Elimu ya Kuinua Treni

Elimu ninayotaka kukufungulia mlango ni ile ya kurudisha relini treni iliyoanguka. Chombo chake kikuu ni kreni ya reli, yaani mashine ya kuinulia mizigo mizito iliyojengwa juu ya magurudumu ya chuma, ili isafiri kwa njia ileile wanayopita abiria na shehena. Usiogope hesabu utakazozikuta mbele. Ukijua kuzidisha na kugawanya, unazo zana zote unazohitaji, na maneno ya kitaalamu nitakueleza moja baada ya jingine kadiri tunavyokutana nayo.

Nitakutangulizia jambo moja ambalo mengine yote yatalitegemea. Mtu akiona kreni inainua injini ya treni, macho yake hukimbilia mkono ule mrefu wa chuma uliopaa angani. Mtaalamu hutazama chini kwanza. Nguvu ya kreni hutoka mahali iliposimama: upana wa nyayo zake, mbao zilizotandikwa chini ya nyayo hizo, na udongo unaozibeba. Ukilishika hilo, utakuwa umeshika shina la elimu hii, na matawi utayapanda mwenyewe.

Tuanze na njia yenyewe. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Mji wa Machakos, uliokuwa makao ya watawala wa Kiingereza huku bara, ulirukwa na reli hiyo, na John Ainsworth aliyekuwa mtawala wake akahamishia ofisi Nairobi mwaka 1899. Hata hivyo, ardhi ya Machakos haikurukwa. Njia ya reli hupita Konza, hukata nyanda za Kapiti na kufika Athi River. Na kutoka Konza kuna tawi linaloteremka hadi Magadi kwenye magadi soda. Tangu mwaka 2017 tunayo pia reli ya kisasa, SGR, yenye stesheni yake Athi River. Mkaaji wa Kaunti ya Machakos basi ana reli mbili za kujifunzia, na upana wake hautofautiani kwa bahati tu. Reli ya zamani ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma; ya kisasa ina milimita 1,435. Ziweke tarakimu hizo akilini, kwa maana tutazihitaji.

Sasa tuulize: treni hushikiliwa na nini isianguke? Jibu linaweza kukushangaza kwa udogo wake. Kila gurudumu lina uso mpana unaobingirika juu ya reli, na upande wake wa ndani lina ukingo, yaani mdomo wa chuma ulioteremka chini ya uso huo kwa sentimita tatu hivi. Injini ya DF8B inayovuta mizigo kwenye SGR ina uzito wa tani 138, lakini inapopinda kona hulindwa na sentimita hizo chache za chuma.

Hapo nguvu mbili hushindana. Ya kwanza ni uzito unaolikandamiza gurudumu chini juu ya reli. Ya pili ni msukumo wa pembeni unaolisukuma gurudumu nje ya kona. Msukumo wa pembeni ukizidi mno ukilinganishwa na uzito, ukingo huanza kuparamia reli, hupanda juu yake, kisha hudondoka ng'ambo ya pili. Mhandisi Mfaransa aitwaye Nadal aliweka ulinganisho huo katika kanuni inayobeba jina lake mpaka leo: gawanya msukumo wa pembeni kwa uzito, na jibu likivuka kiwango fulani, gurudumu liko hatarini kupanda. Kiwango chenyewe hutegemea mwinamo wa ukingo na ukali wa msuguano kati ya chuma na chuma. Ndiyo maana behewa tupu linaweza kuacha reli mahali ambapo behewa lililojaa limepita salama. Uzito wa kulikandamiza haukutosha.

Kuparamia si njia pekee ya treni kuanguka. Mataruma, yaani zile nguzo zilizolazwa chini ya reli kuzishikilia, yakioza au vifungo vyake vikiibwa, reli mbili hutanuka na gurudumu likadondoka katikati. Reli yenyewe inaweza kukatika. Ekseli, yaani mtaimbo unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, inaweza kupata moto kwenye beringi zake ikavunjika. Na huku kwetu maji ni adui mkubwa kuliko yote. Mito mingi ya Ukambani ni mchanga mtupu kwa miezi mingi, kisha mvua ikinyesha milimani hushuka kwa ghafla na kuchukua kila kitu. Mwishoni mwa Januari 1993, mafuriko yalibomoa daraja la mto Ngai Ndethya, na treni ya abiria ikatumbukia usiku. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Tunapozungumzia kreni, basi, tusisahau kwamba kazi yake huanza palipo na msiba, na kwamba waokoaji wa binadamu daima hutangulia waokoaji wa chuma.

Huenda umeanza kudhani kwamba kila treni ikianguka, kreni huitwa. La hasha. Fundi mzuri huanza na kifaa kidogo kinachotosha. Magurudumu mawili yakiwa yameshuka karibu na reli, hutumia vipandio, ambavyo ni vipande vizito vya chuma vyenye mteremko vinavyofungwa juu ya reli. Injini huvuta behewa polepole, gurudumu hupanda mteremko na kuteleza hadi mahali pake. Ikiwa behewa limekwenda mbali zaidi, huja jeki za mafuta. Jeki ya aina hii ina mitungi miwili iliyounganishwa, mdogo na mkubwa. Shinikizo la mafuta ni lilelile kote, kwa hiyo mtungi mkubwa wenye eneo mara 100 ya mdogo hutoa nguvu mara 100. Ukisukuma kwa nguvu ya kilo 100 upande mmoja, upande wa pili huinua tani 10. Behewa likishainuliwa, hutelezeshwa juu ya boriti iliyolazwa kukingama njia, kisha hushushwa juu ya reli. Kreni huitwa pale ambapo behewa limelala ubavu, limeteremka chini ya tuta, au mabehewa yamerundikana.

Tuitazame basi kreni yenyewe kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa kuna kitanda chenye magurudumu, kilichobebwa na bogi. Bogi ni kigari kidogo chenye ekseli mbili au tatu kinachoweza kujigeuza chini ya kitanda ili kifuate kona. Juu ya kitanda kuna sehemu inayozunguka pande zote, yenye chumba cha mwendeshaji na mtambo wa nguvu. Zamani mtambo huo ulikuwa wa mvuke. Leo ni wa dizeli. Mbele ya sehemu hiyo umechomoza mkono wa kreni. Nyuma yake kuna uzito wa kusawazisha, yaani bonge la chuma linalovuta upande wa pili wa mzigo. Kutoka ncha ya mkono hushuka kamba za waya zinazopita kwenye kapi na kuishia kwenye kulabu. Kapi ni magurudumu yenye mfereji, na faida yake ni kugawanya mzigo. Tani 40 zikishikwa na misururu minane ya waya, kila mmoja hubeba tani 5 tu.

Sasa tunafika kwenye moyo wa somo, nami nakuomba uende polepole. Chukua ndoo iliyojaa maji, uishike karibu na kiuno. Kisha nyoosha mkono mbele huku ungali umeishika. Maji hayajaongezeka hata tone, lakini mwili mzima unataka kuanguka mbele. Kilichoongezeka ni umbali. Wataalamu huita zao la uzito na umbali momenti, na huipima kwa tani-mita. Tani 10 zilizo mita 6 kutoka kwenye egemeo huleta momenti ya tani-mita 60. Zisogeze hadi mita 12, nayo huwa 120.

Kwa sababu hiyo, swali "kreni hii inainua tani ngapi?" halijakamilika mpaka liongezwe "kwa umbali gani?" Kreni inayoitwa ya tani 75 huinua tani hizo pale tu mzigo ulipo karibu nayo. Kadiri mkono unavyonyooka, ndivyo uwezo unavyopungua. Ndani ya chumba cha mwendeshaji huwa kuna jedwali linaloonyesha kila umbali na uzito wake, na katika kreni za kisasa kompyuta hulikokotoa na kuizuia mashine isivuke mpaka.

Tupige hesabu pamoja, kwa mfano niliourahisisha makusudi. Tuseme kreni ina uzito wa tani 100, na kitovu chake cha uzito kiko juu ya mstari wa katikati ya njia. Kitovu cha uzito ni ile nukta ambayo unaweza kuhesabu kana kwamba uzito wote umekusanyika hapo. Behewa limelala kando, mita 6 kutoka mstari huo. Kreni imesimama juu ya magurudumu yake tu, kwenye reli yetu ya zamani. Ikielemewa, itapindukia juu ya reli iliyo upande wa mzigo, ambayo iko nusu mita kutoka katikati. Uzito wa kreni unaoizuia kuanguka una momenti ya 100 mara 0.5, yaani tani-mita 50. Mzigo uko mita 5.5 kutoka reli hiyo. Gawanya 50 kwa 5.5: upate tani 9 hivi. Kreni yenye uzito wa tani 100, na tani 9 tu zinaweza kuipindua!

Rudia hesabu hiyo kwa SGR, ambapo reli iko takriban mita 0.72 kutoka katikati. Utapata tani 13 na nusu. Ni nafuu, lakini bado haitoshi kuinua behewa la maana. Umeona sasa kwa nini nilikuomba uweke akilini upana wa reli mbili.

Dawa yake ni miguu ya pembeni. Hizi ni boriti imara zinazochomozwa kutoka kwenye kitanda cha kreni kwenda kushoto na kulia, kisha ncha zake hushushwa mpaka zikae juu ya mbao zilizopangwa ardhini. Tuseme ncha hizo ziko mita 2.5 kutoka katikati. Kreni haiwezi tena kupindukia juu ya reli. Lazima ipindukie juu ya ncha za miguu. Momenti ya kuizuia sasa ni 100 mara 2.5, yaani 250. Mzigo uko mita 3.5 tu kutoka kwenye ncha hizo. Gawanya: tani 71. Mkono haujabadilika, injini haijabadilika, waya ni uleule. Tumepanua nyayo tu, na uwezo umekua karibu mara nane. Bila shaka hakuna fundi anayeinua hadi ukingoni mwa kupinduka. Majedwali huacha akiba kubwa ya usalama, na uimara wa mkono na waya una mipaka yake pia. Lakini kanuni ni hiyo.

Swali la msomaji makini litakuwa hili: ikiwa kreni inaegemea ncha za miguu, ncha zenyewe zinaegemea nini? Hapo ndipo ardhi ya Machakos inapoingia darasani. Nyanda za Kapiti na Athi zimefunikwa kwa sehemu kubwa na udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huu huwa mgumu na wenye nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikinyesha, hunyonya maji, huvimba na kulainika. Mguu mmoja wa kreni unaweza kubeba tani 60. Ukikanyaga mbao zenye eneo la mita moja ya mraba, kila mita ya mraba ya ardhi inabeba tani 60. Ukitandaza mbao na mataruma mpaka eneo lifike mita tatu za mraba, mzigo huo hushuka hadi tani 20, na udongo mweusi uliolowa unaweza kushindwa hata na hizo, ikabidi uchimbwe na kujazwa mawe. Kwa hiyo wanaposema kazi ya kuinua behewa ilichukua siku nzima, jua kwamba saa nyingi za siku hiyo zilitumika kwa majembe, kokoto na mbao. Kuinua kwenyewe huwa ni dakika.

Kuna kitendawili kingine ambacho wahandisi walikihangaikia miaka mingi. Kreni lazima iwe nzito ili isipinduke, lakini lazima iwe nyepesi ili reli na madaraja yaibebe inaposafiri. Kipimo cha jambo hilo ni uzito wa ekseli, yaani tani ambazo kila ekseli huziweka juu ya reli. Kiwanda cha Ransomes & Rapier cha Ipswich, Uingereza, kilipata suluhisho chini ya mhandisi wake Wilfred Stokes, yuleyule aliyebuni baadaye mzinga wa Stokes uliotumiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliongeza bogi za msaada mbele na nyuma ya kreni. Safarini hubeba sehemu ya uzito. Zikifika kazini hufunguliwa na kusukumwa kando, kreni ikabaki fupi na huru kuukaribia mzigo. Mshindani wao, Cowans Sheldon wa Carlisle, naye aliuza kreni katika nchi nyingi za dunia. Leo kampuni ya Kirow ya Leipzig, Ujerumani, hutengeneza kreni zenye mkono unaorefuka na kufupika, na uzito wa kusawazisha unaoweza kusogezwa nyuma kadiri mzigo unavyohitaji.

Ukubwa wa mizigo umekuwa ukiwasukuma wahandisi hao. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea mwaka 1955 na 1956 injini 34 za mvuke za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester. Kila moja ilikaribia tani 252, na ilipewa jina la mlima. Huwezi kuinua mnyama kama huyo kwa mpigo mmoja. Injini za aina hiyo zina vipande vitatu vilivyoungana, na ubingwa ni kujua wapi pa kuitenganisha. Hata behewa la kawaida huinuliwa mara nyingi upande mmoja kwanza, kwa sababu upande mmoja ukiinuliwa, mwingine ungali chini, kreni hubeba takriban nusu ya uzito tu.

Kreni haisafiri peke yake. Hufuatana na behewa la kulaza mkono wake, behewa la zana, mabehewa ya mbao na reli za akiba, na behewa la wafanyakazi la kulia na kupumzika. Msururu huo wote ndio treni ya uokoaji, na mpangilio wake una maana kubwa. Reli yetu ya Mombasa hadi Nairobi ni ya njia moja, kwa hiyo treni ikianguka kati ya stesheni mbili, kreni iliyotoka Nairobi hufikia mkia mmoja tu wa ajali. Ikipangwa nyuma ya mabehewa yake badala ya mbele, haitafikia kitu mpaka irudi stesheni kugeuzwa. Wapangaji wazuri huwaza hayo kabla ya ajali kutokea.

Kazini, hatua hufuatana hivi. Njia hufungwa pande zote mbili ili treni nyingine isiingie. Mkuu wa kikosi hukagua kilichomo ndani ya mabehewa, hasa mafuta na kemikali, na raia husogezwa mbali. Kisha hupimwa uzito, umbali na udongo. Miguu ya pembeni husimikwa. Mzigo hufungwa, na mtu mmoja peke yake huteuliwa kumwashiria mwendeshaji kwa mikono, kwa maana waashiriaji wawili wanaweza kuua. Behewa huinuliwa sentimita chache tu, kisha kila kitu husimama: wakague mbao, wakague waya, wasikilize. Wakiridhika ndipo huendelea, na hakuna mtu anayepita chini ya mzigo uliotundikwa. Mwisho njia hutengenezwa, na treni ya kwanza hupita mwendo wa pole.

Utauliza, na ni swali la haki: kwa nini tusitumie kreni za malori, nazo zimejaa Barabara ya Mombasa? Hutumiwa, tena mara nyingi, pale ambapo barabara na reli zimekaribiana kama Athi River. Lakini lori haliwezi kupanda daraja la SGR linalokatiza Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwa zaidi ya kilomita 6, wala kufika kila kona ya mteremko wa Magadi. Mahali ambapo reli ndiyo barabara ya pekee, kreni ya reli bado haina mrithi.

Ukitaka kuendelea, nenda kwanza Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ukasimame kando ya injini ya daraja la 59 na kujiuliza ungeiwekea miguu ya kreni wapi. Kisha soma sayansi ya momenti, halafu elimu ya udongo. Hizo mbili zitakufikisha mbali. Na leo hii, kabla hujafunga ukurasa, chukua kalamu urudie hesabu yetu ya tani 71, lakini safari hii tuta ni jembamba na miguu imeweza kuchomoza mita 2 tu badala ya 2.5. Utapata tani 50. Nusu mita ya ardhi imekugharimu zaidi ya tani 20. Ukilipata jibu hilo kwa mkono wako mwenyewe, umeshaingia katika fani hii, na mimi nafurahi kukupokea.